Kipengo cha Ubao Mwekundu

Niliposhika patasi, karakana ilikuwa tupu. Wenzangu walikuwa nje wakinywa chai, na mbao za mwenzetu Wamboga zilikuwa mezani mbele yangu.

Kwa mwaka mzima mwalimu wetu Mjapani alikuwa akitufundisha hapa Mbale kuchonga picha kwenye mbao na kuzichapa. Sote tulinakili picha moja ya kabuki, michezo ya jukwaani ya kwao: mwigizaji mwenye uso mweupe na mistari myekundu, amekodoa macho. Wangu alionekana kama mtu anayeumwa jino. Wa Wamboga alitisha. Picha moja tu ndiyo ingepelekwa kwenye maonyesho Jinja.

Kila rangi ina ubao wake, na kila ubao una kipengo kwenye kona, pa kuegemeza karatasi, ili rangi zikutane sawasawa. Nilikipanua kile cha ubao wa Wamboga wa rangi nyekundu, unene wa ukucha tu. Nikapuliza unga wa mbao.

Waliporudi pamoja na mwalimu, Wamboga alianza kuchapa; rangi nyeusi ilitoka safi. Akapaka nyekundu, akainua karatasi, akasita.

“Afande,” akaniita, kwa jina alilonipa kwa sababu ya ukali wangu wa vipimo, “kuja uweke wewe. Mkono yako haikosei.”

Wakacheka, wakanipisha.

Nikiiegemeza karatasi kwenye kipengo, mistari ingetoka nje ya uso. Nisipoiegemeza, mwalimu angeuliza kwa nini.

Niliishika karatasi kwa pembe mbili, nikainama juu ya ubao.