Amri kwa Kilima cha Mbweha

"Usishuke," Kanali Pyo Ik-hyeon aliiambia simu ya upepo. "Wakuimbie, wakulilie, wakuahidi wali wa moto, usishuke. Umenisikia, Luteni?"

"Nimekusikia, afande," sauti ya Luteni Seol Ha-ran ilijibu ikikwaruza. "Ila maji yamebaki chupa tatu, na tuko wanane."

"Lambeni umande. Ova."

Aliweka chombo chini. Nyuma yake, ndani ya handaki, askari arobaini na watatu walikuwa wamelala chali ili wasimalize hewa. Ilikuwa marufuku kutembea, kuvuta sigara, hata kuimba. Siku ya tisa hiyo tangu mlango uporomoke na mlima mzima kuwakalia juu. Mtambo wa hewa ulibakiwa na betri za siku moja na nusu, basi.

Vita vyenyewe vilikuwa vya ajabu tangu mwanzo. Mbingu ya mkoa wa Gangwon ilichanika kama shuka kuukuu, na katika ule mpasuko wakamiminika watu wa Korea nyingine, ya ulimwengu mwingine. Milima yao ileile, lugha yao ileile, hata sare zao zilezile, ila magari yao yalitembea kwa miguu.

"Labda huko kwao mimi ndiye kanali," alinong'ona Sajini Meja Tak Beom-su, aliyekuwa na miaka thelathini jeshini na hakumwogopa mtu, "na wewe, afande, ndiye unayenipikia tambi."

"Nyamaza. Unamaliza hewa."

"Namaliza fungu langu."

Kanali alitabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. Tumaini lao lote lilikuwa kile kilima. Barabara pekee ya kufika mlimani ilipita chini ya Kilima cha Mbweha, na waokoaji wangepita hapo hapo. Kilima kikichukuliwa, ndiyo kwaheri. Miamba nayo iliziba mawimbi yote, redio ikawa haimshiki mtu yeyote isipokuwa huyu Seol aliyekuwa kituoni kule juu. Aliripoti kikosini wiki moja tu kabla ya vita. Kanali hakuwa hata na sura yake kichwani.

Mchana Seol aliita tena, na safari hii sauti ilikuwa ya chini.

"Afande, vijana wangu wawili wana homa kali. Kipaza sauti cha kule chini kinasema tushuke tutibiwe. Nimeshatundika kitambaa cheupe. Nisamehe. Nimeona nikuage kwanza."

Kanali alisogeza chombo mdomoni.

"Kishushe! Huo ni ujanja wao, mama. Wanavaa kama sisi, wanaongea kama sisi. Nina watu arobaini na watatu huku chini. Ukishuka wewe, umetuzika sisi tukiwa hai."

Redio ilikwaruza kwa muda mrefu. Halafu akasikia mtu akilia, na akasikia pia anavyojitahidi asisikike.

"Nimekishusha, afande. Nimekishusha kwa ajili yako. Sijasahau ulivyokuja msibani kwa baba. Ulikaa nasi mpaka asubuhi, ukamaliza bakuli mbili za supu ya mwani."

"Nakumbuka," Kanali alidanganya. Misiba aliyohudhuria katika utumishi wake haikuwa na idadi, nani angekumbuka yote?

Tak aliinua kichwa. "Supu ya mwani msibani? Si ya siku ya kuzaliwa hiyo? Wapi huko wanakokula hivyo?"

"Ana njaa, Tak. Mwache."

"Jambo jingine, afande," Seol akaendelea. "Asubuhi wamekokota lidude barabarani. Refu, limefunikwa turubai. Nina kombora moja tu. Nilipige, au nilitunze?"

Dude refu, limefunikwa turubai. Ni nini tena kama si mzinga?

"Lipige. Lisipite hata hatua moja."

"Sawa, afande. Nangoja ukungu upungue tu."

Haikupita saa moja, mwamba ukaanza kulia. Vumbi likamwagika, kisha bomba jembamba kama kidole likachomoza darini. Askari walisahau amri zote, wakaruka, wakakumbatiana. Tak alilia kama mtoto na hakujificha.

"Mko hai huko?" bomba likasema. "Meja Noh hapa, wa brigedi!"

"Tuko hai! Sote!" Kanali naye alikuwa analia. "Mbona mmekawia hivyo, jamani?"

"Vumilia, afande. Haka kabomba tumekapitisha nyuma ya mlima kwa kifaa cha kubeba mgongoni, hakawezi kuwalisha hewa watu wote hao. Mtambo mkubwa wa kuwachimbua umefika leo, nchi nzima uko huo mmoja. Uko chini ya Kilima cha Mbweha. Wale jamaa wa upande wa pili walioko juu ndio wanaotuzuia. Wanane tu, lakini wabishi hao!"

"Wa upande wa pili? Kilimani ni watu wetu, Noh! Ni Luteni Seol!"

Noh akajibu kupitia bomba.

"Kilima tulikihama siku ya kwanza, afande. Seol yuko hapa pembeni yangu."

"Luteni Seol Ha-ran hapa, afande," ikasema sauti ileile, ila hii haikuwa na kiu. "Poleni sana. Ndiyo kwanza tunaongea."

Kanali aliirukia simu ya upepo. Ilimtangulia kuongea.

"Afande! Ukungu umeondoka!" Luteni wa kilimani alikuwa akicheka kwa furaha. "Nimelipiga! Linawaka lote, na turubai lake!"