Wajina wa Nehemia

Kifua hakikupanda. Nehemia akaubana tena ule mfuko wa kupumulishia watoto wachanga, na hewa ikachoropoka pembeni mwa barakoa kwa mlio ambao mtu mwenye adabu huuombea radhi. Wauguzi wenzake wakaangua kicheko. Mwanasesere wa mazoezi akaendelea kukodoa macho yake ya plastiki.

"Huyo keshakufa mikononi mwako tangu asubuhi," alisema Sista Skolastika, mkuu wa wodi ya wazazi. "Chukua huu mfuko mkuukuu wa mafunzo, ukafanye mazoezi nyumbani. Ukishindwa tena Ijumaa, nakuhamishia dirisha la kadi."

Nehemia akarudi kwake Mwandiga, akajifungia ndani, akaupumulisha mto wa kulalia. Hata mto ulimshinda. Alijicheka mwenyewe: mwili wa kubeba magunia ya mihogo, vidole kama ndizi za Kigoma, halafu kapewa kazi ya kushika uso usiojaa kiganja!

Alhamisi asubuhi alikuwa uani anapiga mswaki, jirani yake Rozalia akatokea mbio, khanga inaburuta.

"Nehemia we! Mtoto katoka, hapumui!"

Rozalia alikuwa mjane, na uzazi uliotangulia pale kwake ulikuwa umeishia kuzikwa nyuma ya nyumba. Nehemia hakuuliza kitu. Alikwapua mfuko, akaruka michongoma, povu la dawa ya meno bado limemjaa mdomoni.

Mtoto alikuwa amelazwa juu ya majani ya mgomba, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Mama yake hakulia. Alimtazama Nehemia kimya, kama wote wanavyomtazama: bila matumaini.

Akamfuta ute puani, akamsugua mgongo. Kimya. Akamweka sawa shingo, akambandika barakoa. Haikukaa. Hewa ikavuja kwa mlio uleule wa aibu, ila safari hii hakuna aliyecheka.

"Ndugu yangu, usiniache!" Rozalia alimlilia.

Basi Nehemia akaizungushia barakoa vile vidole vyake vinene, akaziba kila upenyo, akabana taratibu. Kifua kikapanda. Akabana tena, kikapanda tena. Jasho likamwingia machoni, magoti yakafa ganzi, naye akaendelea tu, hadi aliposikia kikohozi kidogo, kisha sauti nyembamba, kali, yenye hasira na dunia nzima.

Nehemia akakaa kwenye tope, akalia kuliko mtoto mwenyewe.

"Dume!" Rozalia alishangilia. "Na ataitwa Nehemia!"

Ijumaa mwanasesere alipumua kama mcheza mpira. Sista Skolastika alikagua barakoa, akamkagua na Nehemia.

"Umekunywa dawa gani?"

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. "Nimeokoa mtoto kwa jirani, Sista. Wamempa jina langu."

Wodi nzima ikapiga vigelele. Kabla hajamaliza kueleza, wenzake walishachangishana, na Jumamosi Sista mwenyewe alikuwa njiani kwenda Mwandiga naye, amepakata sweta la sufu na kofia yake.

"Sista, usijisumbue," Nehemia alijaribu. "Mama mtoto hana mazoea na wageni."

"Atanizoea. Mtoto aliyechelewa kupumua lazima achunguzwe."

"Anaendelea vizuri sana. Anatembea."

Sista akacheka hadi akajifuta machozi. "Wanaume nyie! Mkipewa wajina tu, mnaota mbawa."

Nehemia akatamani ardhi ipasuke.

Rozalia aliwapokea mlangoni kwa bashasha na salamu ya Kiha. "Mwakeye! Karibuni jamani. Mmekuja kumwona Nehemia wangu?" Akawatangulia kuelekea nyuma ya nyumba. Sista akamfuata, kofia mkononi, tabasamu limemjaa usoni.

Nehemia mdogo alipowaona, aliacha kunyonya, akaruka juu ya lundo la kuni, akatua kwa miguu yote minne. Akatikisa mkia, akawasalimu: "Mee!"