Chatu Aliyepungua Uzito

Siku hizi mji wetu haumruhusu mtu kuishi peke yake bila mnyama. Mume wangu alipofariki nililetewa chatu mchanga, mwembamba kama kidole, na kila Ijumaa mkaguzi huja kumtazama. Mnyama akinawiri, mwenye nyumba naye huhesabiwa mzima.

Wangu alisusa kula. Macho yakafanya ukungu, ngozi ikaanza kubanduka, kisha ikamganda shingoni. Kosa ni langu: nilidhani anaona baridi kama mimi, nikamsogezea jiko la mkaa, hewa ikamkaukia. Nikamlaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikawa nampangusa taratibu kwa taulo lililoloa huku nikimsimulia habari za marehemu. Ngozi ikatoka nzima kama soksi. Lakini panya niliyemwekea hakumgusa.

Ijumaa hiyo mkaguzi, binti aitwaye Kidawa, akapiga hodi. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na kupakua sahani mbili.

"Karibu tule, mwanangu."

"Ahsante bibi, nina nyumba nyingi." Akampima chatu kiganjani. "Amekonda. Huwa unaongea naye?"

"Mchana kutwa."

"Basi upweke wako umemwingia. Nitampeleka kwenye nyumba yenye watu."

"Na mimi?"

"Wewe utaletewa mwingine, bibi."

Akaondoka naye kikapuni. Nikaiokota ile ngozi kwenye beseni, nikailaza kando ya sahani ya pili, nikaendelea na habari za marehemu pale nilipoachia.