Mzimu Hauteguki

Gasper alikuwa amesimama kwa mguu mmoja nyuma ya choo, mswaki mdomoni, macho ameyafumba. Alihesabu moyoni akafika kumi na tisa, kifundo kikayumba, akaudaka ukuta.

"Jana ulifika ishirini na sita," alisema mkewe Theodora, akipita na ndoo ya maji kichwani.

Zoezi hilo alipewa na mtaalamu wa viungo hospitalini, binti mdogo asiye na mzaha. "Uvimbe umeisha, baba, lakini kano zimelegea. Mguu umesahau kusimama. Ukiuharakisha utateguka tena pale pale." Akampa kipande cha mpira wa baiskeli wa kuvutia unyayo, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu.

Miezi mitatu! Na sherehe ya kuwatoa vijana jandoni imebakiza wiki tano.

Kijiji kizima cha Kitangari kilijua kwamba Gasper, Baba Glory, alikanyaga shimo la fuko akipuliza salfa kwenye mikorosho. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Ukweli ni kwamba aliteguka kichakani, akijifua na wanaume wenzake kucheza midimu, ngoma ya vinyago ya jandoni. Hilo hakuthubutu kumwambia hata Theodora, mke aliyeishi naye miaka kumi na minane, maana kinyago kikishavaliwa, aliyemo ndani hana jina. Wanawake huambiwa ni mzimu uliotoka ardhini, nao huamini. Mwanamke akimtambua mchezaji, huyo hachezi tena mpaka anazikwa, na wanaume wa kijiji kizima wanageuka kichekesho.

"Nitafutie wa kushika nafasi yangu mwaka huu," alimwomba Mzee Jafari, mkuu wa ngoma.

"Nani? Hao wanaocheza kama wamekanyaga siafu?" Mzee Jafari alikitazama kile kifundo kwa chuki. "Mtu huteguka. Mzimu hauteguki. Ukianguka pale uwanjani, na kesho yake Baba Glory anachechemea dukani, basi wanawake si vipofu."

Gasper akarudi kwenye mpira wake wa baiskeli, hofu imemjaa.

Kana kwamba hiyo haitoshi, kukawa na wageni. Bi Rukaiya, bibi wa nyumba ya pili, alikuja na chupa ya mafuta ya nyonyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Unakunjikia ndani au nje?"

"Ndani."

"Unakupa taarifa kwanza, au unakuangusha tu kama gunia?"

"Unaniangusha tu," alisema Gasper. Umbea gani huu!

"Haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Bi Rukaiya akiinuka. Gasper akacheka kwa meno tu, na jasho likamtiririka mgongoni.

Kesho yake akaja Mama Kulwa, yeye akataka kuonyeshwa. "Hebu tembea, baba, nikuone." Akatembea. Mbele ya jiko kifundo kikamsaliti, goti la kulia likagonga chini, mkono wa kushoto ukaruka juu kutafuta cha kushika. Mama Kulwa hakucheka wala hakusema pole. Alimkagua kama fundi cherehani anayepima suruali, akashukuru, akaondoka na Theodora kwenda mazoezi ya kwaya.

Siku hizo kwaya ilikuwa na mazoezi mengi kuliko wakati wa Pasaka. Hata Bi Rukaiya alikuwa akihudhuria, na Ijumaa hakosi msikitini. Gasper hakuliona hilo. Mwenye kifundo kibovu huona kifundo tu.

Siku ikafika. Uwanja ukajaa, wageni wametoka Newala mpaka Masasi. Kichakani, wanaume walimfunga kifundo kwa kitambaa, wakamvika nguo na njuga, wakamtia kinyago kichwani. Asubuhi ile alikuwa amefika arobaini na moja bila kushika ukuta, akasema moyoni kwamba Mungu si Athumani.

Ngoma zikalia, akatoka. Wanawake wakapiga mayowe na kukimbia huku na huko, kama kawaida yao. Akazunguka kwa mguu wa kushoto, wageni wakashangilia. Akabadili, akazunguka kwa wa kulia. Mara ya kwanza ukakubali. Mara ya pili ukakubali. Mara ya tatu kifundo kikakunjikia ndani, goti likapiga vumbi, mkono wa kushoto ukaruka juu.

Ngoma zikakatika. Kupitia tundu la mdomo wa kinyago Gasper aliwaona wageni wakinyoosha shingo, akamwona Mzee Jafari amejishika kichwa. Yamekwisha, alijiambia. Miaka kumi na mitano ya siri, na inafia chini kwenye vumbi mbele ya mke wake.

Ndipo Theodora akapiga kigelegele, na wanawake arobaini wa Kitangari wakajipanga mstari, Bi Rukaiya akiongoza, wakazunguka mara tatu, wakakunja mguu wa kulia kwa ndani, wakaangusha goti na kurusha mkono wa kushoto, wote kwa pamoja, bila hata mmoja kukosea.