Glukosi ya Kibwana

Mwanahawa alipokunywa glukosi aliyopewa na muuguzi, alifumba macho. Ladha ilikuwa ileile ya chupa ambayo marehemu mumewe, Kibwana, alikuwa akimshikia kando ya uwanja, enzi Mwanahawa alipokuwa mkimbiaji. Tangu amzike hakuwahi kukimbia tena, na sasa daktari alishuku kwamba ana kisukari.

Muuguzi akamtoboa kidole, akapima damu, kisha akampandisha kwenye mashine ya mazoezi ili aone kama sukari ingeshuka.

"Tembea polepole, bibi."

Alianza kwa kutembea. Lakini utamu ulikuwa bado ulimini, na ni kama alimsikia Kibwana akipaza sauti, "Kaza, mke wangu, kaza!" Miguu ikaanza kukimbia yenyewe.

"Bibi, taratibu!"

"Niache kidogo, mwanangu," alisema, machozi yakimtiririka.

Aliposhuka, alitobolewa tena. Muuguzi akatabasamu. "Sukari imeshuka vizuri. Misuli imeitumia. Ukishika mazoezi, huenda usihitaji dawa."

Nje, waendesha bodaboda walimwita kwa pamoja. Mwanahawa aliwapungia mkono kuwakatalia, akafunga kanga kiunoni, akashika kwa miguu njia ya nyumbani iliyopanda mlima, hatua zake zikizidi kuwa nyepesi.