Alama za Penseli

Dakika chache kabla ya kuimba, Jovitha alifungua nota za marehemu dada yake, aliyezikwa wiki tatu zilizopita, akakuta zimejaa alama za penseli.

Zilikuwa alama za kuvuta pumzi. Wanawake tisa wa kwaya yao, wengi wao wauza vitenge wa Kariakoo, waliimba nyimbo za Kilatini za karne nyingi zilizopita bila kinanda, na kila mmoja alijiandikia mahali pa kupumua. Alama za wino, za mwaka juzi, zilikuwa mbili tu kwa ukurasa. Za penseli zilikuwa kila baada ya neno. Ukurasa wa mwisho zilikata maneno katikati.

"Ni vumbi la vitenge tu, mdogo wangu," dada alizoea kusema kila alipoishiwa pumzi.

Na siku moja mazoezini Jovitha alimjibu mbele ya wote: "Dada, unahema kama mbeba magunia! Hebu kaa nyuma, unatuharibia." Dada alicheka kuliko wote, akahamia nyuma.

"Futa hizo, mama," mwalimu wa kwaya alimnong'oneza, akimpa ufutio. "Mstari huo ni pumzi moja, na wewe kifua unacho."

Jovitha aliufumbata ufutio mkononi. Ee Mungu, mwambie nilikuwa natania.

Mwalimu aliinua mkono. Wakaanza.

Penye alama ya kwanza ya penseli, kifua chake kikiwa bado kimejaa pumzi, Jovitha alinyamaza, akavuta pumzi. Akafanya vivyo hivyo penye ya pili. Na ya tatu.