Kura Tupu

Sepp Gisler aliishika bahasha ya kura kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyeoza mtegoni.

"Pyuu! Inanuka."

"Inanuka samadi ya mikono yako," mkewe, Vreni, akamjibu. Alikuwa akipanga nguo kwenye sanduku la safari.

Kijiji kizima kilikuwa kimelitapika baraza lake. Mjumbe mmoja alijiwekea lami kwa fedha za kijiji mpaka mlangoni pa zizi lake. Wa pili husinzia kikaoni, mdomo wazi. Wa tatu kahamia bonde jingine, na kiti chake, ndicho kinachopigiwa kura, hakuna aliyekitaka hata kwa kukitemea mate. Na sheria ya jimbo lao haina huruma: wagombea hawapo, unaandika jina la umtakaye, na atakayechaguliwa hana ruhusa ya kukataa. Miaka minne! Husamehewa aliyetimiza sitini na tano tu, na Sepp alikuwa amebakiza miezi mitatu.

Ng'ombe alishawauza. Tiketi za treni zilikuwa kabatini. Vreni, ambaye tangu azaliwe hajaiona bahari, alikuwa ameahidiwa kiangazi kizima ufukweni.

Basi juma zima Sepp alipita nyumba kwa nyumba. "Rudisheni karatasi tupu," aliwaambia majirani. "Pasipo jina, hakuna wa kukamatwa. Waachieni uozo wao!" Wote wakaapa.

"Na yako mbona bado?" Vreni akamuuliza.

"Nataka wajue mimi ndiye niliyewasusia."

"Watajuaje? Karatasi tupu haina mwenyewe."

"Kujificha ni kazi yao, si yangu!"

Akanyakua kalamu, akaandika kwa hasira hata ncha ikatoboa karatasi na kuacha doa la wino kwenye kitambaa cha meza. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuigusa karatasi ya kura. Akailamba bahasha, akaifunga.

"Haya, wakome!"

Jumapili mchana, wakiwa kwenye viazi na jibini, karani wa kijiji, Bi Regula, akabisha hodi. Hakutaka hata kuketi.

"Kura mia moja na nne," akasema. "Mia moja na tatu ni tupu."

Sepp alicheka mpaka akapaliwa. "Umesikia, mke wangu? Na hiyo moja? Zuzu gani huyo aliyeniharibia?"

"Ina jina. Kisheria, jina moja linatosha."

"Maskini wee! Ni nani huyo aliyekwisha?"

Bi Regula akaiweka karatasi mezani, kando ya lile doa la wino. Vreni ndiye aliyeisoma kwanza. Alilifungua sanduku, akaanza kutoa nguo, moja moja.

Karatasi ilikuwa na tundu la kalamu, palepale linapoishia jina la Sepp Gisler.